Somo: Jinsi ya Kuandika Pendekezo la Mradi Linaloeleweka



Katika vikundi vingi vya Isiolo, kutoka Oldonyiro mpaka Garba Tula, utasikia malalamiko haya: "Tuliandika, tukapeleka, hatukujibiwa." Au jibu lilikuja, lakini ni mistari miwili tu: "Tunasikitika kuwaarifu..." Basi watu husema, "Si mnaona? Hatuna mtu wetu pale ofisini." Kikundi kinavunjika moyo, michango inakwisha, na akina mama wanaendelea kubeba mitungi kama kawaida.

Ni kweli kwamba upendeleo upo. Lakini pia ni kweli kwamba maombi mengi yanakataliwa kwa sababu msomaji hakuelewa yanaomba nini. Tuseme kuna ofisa ambaye ana maombi 60 mezani na pesa za miradi 5. Hajawahi kufika kwenu. Hajui kisima chenu kiko wapi. Ana zile karatasi ulizompa tu. Kama hukuandika ni watu wangapi, yeye hawezi kukisia. Ataweka ombi lako kando na kuchukua lingine.

Somo letu la leo ni kuhusu zile karatasi. Lisomeni pamoja kwenye kikundi, polepole, na mwisho kuna maswali ya kujadiliana.

PENDEKEZO HALIANZI KWA KALAMU

Kosa la kwanza ni kumpa kijana mmoja aliyesoma kazi ya kuandika peke yake usiku, halafu wengine waweke sahihi asubuhi. Siku mfadhili anapokuja kutembelea, anamuuliza mama mmoja, "Mradi huu ni wa nini?" na mama anajibu, "Muulize huyo kijana." Hapo mambo yameharibika.

Pendekezo linaanza chini ya mti. Watu wa kwetu wanajua jambo hili tangu zamani. Wazee wa dedha, wanaosimamia malisho na maji ya Waborana, hawaamui mifugo ihamie wapi kabla ya kutuma watu kwenda kuona nyasi na maji na kurudi na habari. Kwanza habari, halafu mjadala, halafu uamuzi. Pendekezo zuri lina mpangilio uo huo.

Wale waliohudhuria semina za DELTA, zilizoanza hapa Kenya katika miaka ya 1970, watakumbuka swali moja lililorudiwa mpaka watu wakachoka: "Lakini kwa nini?" Bado ni swali zuri. Sikilizeni mfano huu wa mkutano wa wazazi:

"Tunataka matangi ya maji hapa shule."
"Kwa nini, Mama?"
"Watoto hawasomi vizuri."
"Lakini kwa nini hawasomi vizuri?"
"Kila mtoto anakuja na kidumu cha maji. Wasichana wanatumwa mtoni saa nne, wanarudi saa saba."
"Lakini kwa nini watumwe mtoni? Si mvua inanyesha?"
"Inanyesha, Mzee, lakini maji ya paa yanamwagika chini. Hakuna mfereji wa bati, hakuna mahali pa kuyaweka."

Mmeona? Mwanzoni tulikuwa na neno moja tu, "matangi". Sasa tuna shida (wasichana wanapoteza masaa matatu ya masomo), tuna sababu (maji ya paa yanapotea), na tuna njia ya kutatua. Nusu ya pendekezo imekwisha andikwa, na hatujashika kalamu.

Pia hakikisheni nani yuko kwenye mkutano huo. Kama ni wanaume watupu wanaozungumza juu ya maji, wanaoyabeba hawapo. Kama ni watu wa jamii moja tu, na kisima kinatumiwa na Waturkana, Wasamburu na Waborana, mradi unaweza kuleta ugomvi badala ya maji.

TUMEJIFUNZA NINI HAPA ISIOLO

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 2011 ulianza hapa Isiolo mfuko wa kusaidia jamii kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Uliungwa mkono na pesa za Uingereza, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA) ikashiriki. Baadaye mpango huo ulifika Garissa, Kitui, Makueni na Wajir, na mwaka 2018 Isiolo ikapata sheria yake ya mfuko huo. Kutokana na mafunzo ya kaunti hizo tano, serikali ilianzisha mpango wa kitaifa unaoitwa FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2021.

Jambo kubwa lilikuwa hili: wananchi walichagua kamati zao katika wadi. Kamati hizo zilizungumza na watu, zikachagua miradi, zikaandika mapendekezo. Kamati ya kaunti ilikuwa na kazi ya kuyapima na kuyaboresha, lakini haikuwa na ruhusa ya kukataa tu chaguo la wananchi kama limetimiza masharti. Watu waliomba vitu wanavyovijua: kukarabati visima na mabwawa, kujenga mabwawa ya mchanga, kusaidia wazee wa dedha kusimamia malisho ya kiangazi.

Masharti yalikuwa machache, na kila kikundi kinaweza kuyatumia kujipima, hata kama mnaomba kwa mfadhili mwingine:

1. Je, mradi utawafaidi watu wengi, au familia chache tu?
2. Je, utasaidia uchumi na maisha ya watu wa hapa?
3. Je, utatusaidia kustahimili ukame na mafuriko?
4. Je, utaleta amani, au utachochea ugomvi?
5. Je, watu wote wanaohusika wameulizwa?
6. Je, unawezekana, na utadumu baada ya pesa kwisha?
7. Je, faida yake inalingana na gharama?

Chukueni sharti la nne. Mtu wa Nairobi anaweza kuona kisima kipya ni baraka tu. Sisi tunajua kwamba kisima kikichimbwa katikati ya malisho ya kiangazi na kuachwa wazi mwaka mzima, mifugo itakaa pale, nyasi za akiba zitakwisha, na ukame ukija hakuna pa kukimbilia. Baina ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Tuliona wenyewe thamani ya akiba. Kwa hiyo andikeni katika pendekezo lenu nani atafungua maji, lini, na nani atayafunga. Maneno hayo machache yanamwonyesha msomaji kwamba mnajua ardhi yenu.

SEHEMU ZA PENDEKEZO

Kila mfadhili ana fomu yake, lakini wote wanauliza mambo yale yale. Tutatumia ile shule yetu ya mfano. Shule hii ni ya kubuni, na bei ni za kujifunzia tu. Nyinyi mtatafuta bei za kweli madukani.

1. Sisi ni nani. Jina la kikundi, mahali, tarehe mliyoandikishwa na namba ya cheti, idadi ya wanachama (wanawake wangapi, wanaume wangapi), na kazi mliyokwisha kufanya. Kwa sheria ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii, kikundi kinahitaji watu wasiopungua 10. Kama hamjaandikishwa, anzeni hapo kabla ya kuandika chochote. Msiogope kutaja kazi ndogo. "Mwaka jana tulijenga choo kimoja kwa michango yetu" ni maneno mazuri kuliko ukurasa mzima wa ahadi.

2. Shida ni gani. Hapa ndipo wengi wanalia badala ya kueleza. Linganisheni:

La kwanza: "Sisi ni watu maskini sana tuliosahauliwa na serikali. Maji ni uhai. Tunawaomba kwa unyenyekevu mtuhurumie."

La pili: "Shule yetu ina wanafunzi 240 na haina maji. Mto uko kilomita 4. Wasichana wa darasa la 6 mpaka la 8 hutumwa maji mara tatu kwa wiki na kukosa masomo ya masaa matatu kila safari. Daftari la shule linaonyesha jambo hili."

Ombi la kwanza linaweza kutoka kijiji chochote duniani. La pili ni la kwenu peke yenu, na mtu anaweza kuja kulihakikisha. Hesabuni kabla ya kuandika. Tembeeni na saa mkononi. Ulizeni mwalimu, muuguzi wa zahanati, chifu. Msiongeze chumvi: mkisema watoto 500 na mgeni akakuta 240, hata yale ya kweli hayataaminiwa.

3. Tunataka kufikia nini. Andikeni jambo linaloweza kupimwa. "Kuboresha maisha" haipimiki. "Kufikia mwisho wa mwaka, kila mwanafunzi apate lita 2 za maji ya kunywa shuleni kila siku, kwa muda wa karibu muhula mzima baada ya kila msimu wa mvua" inapimika.

4. Tutafanya nini, na kwa nini tunaamini itafaulu. Onyesheni hesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya paa inatoa lita 1 ya maji. Paa letu ni mita 40 kwa 8, yaani mita za mraba 320. Tuseme mwaka mbaya unaleta milimita 250 tu. Hiyo ni lita 80,000. Tukiondoa sehemu moja katika tano kwa maji yanayomwagika, tunabaki na lita 64,000. Misimu ya mvua ni miwili, basi kila msimu tupate kama lita 32,000. Kwa hiyo tunaomba matangi 3 ya lita 10,000, si 2 wala si 6. Watoto 240 wakinywa lita 2 kila mmoja ni lita 480 kwa siku. Lita 30,000 zitadumu siku 62 za shule.

Tazameni faida ya hesabu hii. Msomaji haulizi tena "kwa nini matangi matatu?" Jibu liko mbele yake. Na sisi wenyewe tumegundua kwamba maji haya ni ya kunywa tu. Hayatatosha kupika na kufua. Semeni hivyo wazi. Mfadhili anaheshimu mtu anayesema mradi wake hautafanya nini.

5. Nani atafanya nini, na lini. Mwezi wa kwanza: kununua vifaa na kukusanya mchanga. Mwezi wa pili: misingi na mifereji. Mwezi wa tatu: kuweka matangi na kufundisha kamati. Kila kazi iwe na jina la mhusika: kamati, fundi, au mwalimu mkuu. Na angalieni majira! Ukipanga kufunga mifereji mwezi wa Mei, mvua ndefu zimekwisha pita. Hapa kwetu matangi ya mvua ndefu lazima yawe tayari kabla ya Machi kwisha.

6. Bajeti. Kila kitu kiwe na idadi, bei ya kimoja, na jumla:

Matangi 3 kwa sh. 95,000: sh. 285,000
Mifereji mita 80 kwa sh. 900: sh. 72,000
Mabomba na mifereji ya kufungulia maji: sh. 38,000
Saruji mifuko 30 kwa sh. 850: sh. 25,500
Mafundi 2, siku 12, kwa sh. 1,500: sh. 36,000
Lori kutoka mjini, safari 1: sh. 25,000
Mchanga na mawe, lori 3 kwa sh. 6,000: sh. 18,000
Kazi ya mikono, siku 60 kwa sh. 500: sh. 30,000
JUMLA: sh. 529,500

Halafu onyesheni nani analipa nini. Wazazi wataleta mchanga na mawe (18,000), kazi ya mikono (30,000) na pesa taslimu (21,500). Jumla ya mchango wetu ni sh. 69,500. Tunaloomba ni sh. 460,000.

Watu wengi husahau kuandika jasho lao. Wanachimba msingi wiki nzima, halafu wanaandika "mchango wa jamii: hakuna". Jasho ni mali, liandikeni kwa bei halali ya kibarua wa hapo kwenu. Lakini msilipandishe bei ili mwonekane mmetoa zaidi.

Onyo moja: msiandike "mengineyo sh. 80,000". Neno "mengineyo" linanuka. Na msiongeze bei mkitegemea kwamba mtapunguziwa. Wafadhili wanajua bei ya saruji, na bei za madukani si siri.

7. Mradi utaishije baadaye. Hapa mapendekezo mengi yanaanguka. Tembeeni kaunti yetu muone pampu zilizokufa kwa kukosa kifaa kidogo. Kwa hiyo andikeni: wazazi 160 watatoa sh. 50 kila muhula, yaani sh. 24,000 kwa mwaka, za kubadilisha vifaa vilivyoharibika na kusafisha mifereji kabla ya mvua. Pesa zitakaa benki, na sahihi ziwe tatu. Semeni pia ni nani atakayebeba ufunguo.

8. Tutajuaje kama tumefaulu. Mwalimu ataandika kila wiki kimo cha maji kwenye tangi na idadi ya watoto waliotumwa mtoni. Kamati itawasomea wazazi hesabu kila muhula. Hii inatosha. Msiahidi utafiti mkubwa msioweza kuufanya.

KARATASI ZA KUAMBATANISHA

Nakala ya cheti cha kikundi. Muhtasari wa mkutano wenye majina na sahihi, au dole gumba kwa wasioandika. Bei kutoka maduka matatu. Barua ya mwalimu mkuu au mwenye ardhi. Kama ardhi ni ya jamii, kubaliano la jamii liandikwe, kwa maana tangu sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016 jambo hili haliwezi kuachwa kwa mdomo tu. Kama mnachimba kisima cha bomba, mtahitaji kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji (WRA). Ulizeni mapema, kwa sababu vibali huchukua muda.

Mwisho, andikeni muhtasari wa nusu ukurasa na kuuweka mbele: sisi ni nani, shida, tutafanya nini, kiasi tunachoomba. Unawekwa mwanzo lakini unaandikwa mwisho. Wasomaji wengine hawafiki ukurasa wa pili, basi nusu ukurasa huo ndio mlango wenu.

KABLA YA KUTUMA

Mpeni mtu asiyejua mradi wenu asome, hata mwanafunzi wa sekondari. Kisha mchukueni karatasi na kumwuliza: "Tunaomba nini? Kiasi gani? Kwa ajili ya nani?" Akishindwa kujibu, kosa si lake. Rudini mkaandike tena.

Halafu lisomeni pendekezo lote mbele ya wanachama, kwa lugha wanayoielewa: Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kisomali au Kimeru. Kila mmoja ajue kiasi kinachoombwa. Pesa inayojulikana na watu 40 ni vigumu kuliwa na mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Mkikataliwa, msikasirike. Andikeni barua fupi ya shukrani na kuuliza ni wapi palipokuwa na upungufu. Mara nyingine mfadhili hasaidii maji, anasaidia afya tu, na mngejua mngeulizia kwingine mapema. Wekeni nakala. Pendekezo lililokataliwa likirekebishwa linaweza kuwa zuri kuliko jipya.

Na mkikubaliwa? Hapo ndipo kazi inaanza. Mliyoyaandika yamekuwa ahadi. Mlisema mtaleta mchanga, basi leteni. Mlisema mtasoma hesabu, basi someni, hata ikiwa shilingi 500 imepotea. Kikundi kinachotoa ripoti ya kweli juu ya kosa dogo kinaaminiwa mara ya pili.

Tukumbuke ni kwa nini tunaandika. Mahali fulani asubuhi hii, msichana wa darasa la 7 ameacha hesabu ubaoni, amebeba mtungi, na anaelekea mtoni. Yeye hatasoma pendekezo lenu. Lakini likiandikwa ovyo, atatembea mwaka mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Chagueni shida moja ya kijiji chenu. Ulizeni "lakini kwa nini?" mara tano. Mmefika wapi?
2. Ni habari gani tunayodhani tunaijua lakini hatujawahi kuihesabu?
3. Ni nani hakuwepo kwenye mkutano wetu wa mwisho, na mradi unamhusu?
4. Kuna mradi gani uliokufa hapa kwetu? Ulikufa kwa sababu gani, na pendekezo lake lilisema nini juu ya matengenezo?
5. Kila mmoja aandike shida hiyo kwa sentensi nne zenye namba. Someni kwa sauti na kuchagua ile iliyo wazi zaidi.

Mkimaliza swali la tano, hifadhini karatasi hiyo. Ndiyo mwanzo wa pendekezo lenu.